Nguzo inapofungwa ukuta: kisa cha jengo la barabara ya Mikindani

Kando ya barabara itokayo Mtwara mjini kuelekea Mikindani kuna jengo la nguzo na bimu za zege, chini na ghorofa mbili, ambalo ujenzi wake umefika slabu ya juu kabisa. Mwenye jengo ni mzee mfanyabiashara wa korosho. Ramani iliyopitishwa inaonyesha sehemu ya chini ikiwa wazi: nguzo tupu, magari yaegeshwe humo, vyumba vya kupangisha vianzie ghorofa ya kwanza. Baadaye akaona anahitaji ghala kuliko maegesho. Akaomba nafasi tano kati ya nguzo sita za mbele zizibwe kwa tofali za bloku za inchi 6, toka sakafuni hadi kwenye bimu, bila dirisha. Milango ingekuwa nyuma, uani, ili magunia yasionekane barabarani.

Mabadiliko kama hayo huwa yanapita kwa barua fupi. Hapa yalikwama kwa sababu ya kinachoendelea ng'ambo ya barabara. Pale kuna mama ntilie, na magari yaendayo kwenye machimbo ya mawe ya chokaa husimama kwake asubuhi. Mojawapo ni pikapu inayobeba baruti za kupasulia mawe. Kwa taratibu za kazi hiyo gari la baruti halipaswi kusimama kwenye makazi, lakini linasimama, na mhandisi anapima kilichopo. Kutoka linaposimama hadi uso wa nguzo za mbele ni mita 15.

Swali la mzee lilikuwa moja, na aliliuliza vizuri: "Mwanangu, ukuta si ndio unaongeza nguvu? Nguzo ikikumbatiwa na tofali pande zote mbili, si itasimama imara zaidi?"

Watu wengi wa ujenzi wangemjibu ndiyo. Kwa upepo na kwa mtikisiko mdogo wa ardhi wangekuwa na hoja. Kwa mlipuko jibu ni hapana, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa kiasi cha kuamua kama jengo linabaki limesimama.

Hesabu iliyonifikia

Kabla sijaitwa, kulikuwa na karatasi moja ya hesabu iliyokwisha kufanywa. Ilichukua mzigo wa kilo 125 za baruti aina ya ANFO (mchanganyiko wa nitrati ya amonia na mafuta), ikauzidisha kwa 0.82 ili kupata uzito unaolingana wa TNT, baruti inayotumika kama kipimo cha milipuko, ikafika kilo 102 na kuandika 100. Hapo sina ugomvi. Kigezo hicho cha 0.82 kinatumika sana, na mzigo wenyewe ni kadirio la haki kwa pikapu inayorudisha masalia kutoka machimboni.

Ikaendelea: mlipuko uko juu ya ardhi, umbali mita 15. Ukigawanya umbali kwa mzizi wa tatu wa uzito unapata 15 kwa 4.64, yaani takriban 3.2. Namba hii ndiyo ufunguo wa kazi nzima. Bertram Hopkinson wa Uingereza na Carl Cranz wa Ujerumani ndio walioonyesha, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba milipuko miwili yenye namba hiyo sawa hutoa shinikizo sawa, hata kama mmoja ni mdogo na mwingine mkubwa. Kinachobadilika ni muda. Mlipuko mkubwa unasukuma kwa muda mrefu zaidi.

Kwa 3.2, milinganyo ya Kingery na Bulmash ya mwaka 1984, ambayo ndiyo inayotumiwa karibu kila mahali, inatoa shinikizo la wimbi linalopita la takriban kilopaskali 99. Wimbi hilo likigonga uso mpana usio na mahali pa kukwepea, hewa inajikusanya na shinikizo linapanda hadi kilopaskali 272. Karatasi ikachukua hiyo 272, ikazidisha kwa upana wa nguzo, mita 0.3, ikapata kilonewtoni 82 kwa kila mita ya urefu (kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100). Ikaiongeza maradufu kwa kuwa mzigo unakuja ghafla: 163. Uwezo wa nguzo kuhimili kupinda ulikuwa kama 142 kwa kila mita. Hitimisho: nguzo inavunjika, iwe na ukuta au isiwe nao, kwa hiyo ukuta haubadilishi kitu, mzee ajenge ghala lake.

Kila namba kwenye karatasi ile imetoka mahali panapojulikana. Hitimisho lake ndilo baya, na ni baya kwa pande zote mbili: nguzo iliyo wazi imehukumiwa kwa mzigo isioubeba, na nguzo yenye ukuta imesamehewa mzigo itakaoubeba kweli.

Nguzo nyembamba haishiki wimbi

Shinikizo la 272 ni la uso mpana, tuseme ukuta wa ghala wenye urefu wa mita 20. Nguzo hii ina upana wa sentimita 30. Wimbi linalokwenda kwa takriban mita 460 kwa sekunde linafika kwenye uso wake, linajikusanya, lakini papo hapo kingo mbili ziko sentimita 15 tu kutoka katikati. Hewa iliyobanwa inachungulia kingo hizo na kutoroka. Kanuni ya haraka ni kuchukua nusu ya upana, kuzidisha kwa 3, na kugawanya kwa mwendo wa wimbi: 0.45 kwa 460, yaani karibu milisekunde 1. Baada ya hapo lile shinikizo kubwa la mbele limekwisha, na nguzo imebaki ndani ya mkondo kama nguzo ya gati wakati maji yanapokupwa kwa kasi: maji yanaisukuma, lakini yanapita.

Wakati huohuo wimbi linazunguka na kufika mgongoni. Sentimita 30 linazikata kwa chini ya milisekunde 1, kisha shinikizo la nyuma linajijenga na kuanza kuisukuma nguzo kurudi mbele. Kuanzia takriban milisekunde ya pili, shinikizo la mbele na la nyuma linakaribia kulingana, na kinachobaki ni nguvu ya upepo wa mlipuko peke yake. Upepo huo, kwa wimbi la kilopaskali 99, una shinikizo la mwendo la kilopaskali 30 hivi mwanzoni, na unashuka haraka. Kwa nguzo ya mraba tunauzidisha kwa kigezo cha umbo, nami nilitumia 2 ili nisipunje. Nguzo ya duara ingepata kidogo zaidi ya nusu ya hapo, na ni faida ambayo haitajwi vya kutosha tunapochora majengo ya barabarani.

Sasa tujumlishe msukumo wote, yaani shinikizo likizidishwa kwa muda wake. Kwa uso mpana usiokwepeka ni kilopaskali-milisekunde 955. Kwa nguzo yetu iliyo wazi pande zote, ukijumlisha kishindo cha milisekunde ya kwanza, tofauti ya mbele na nyuma inayofuata, na upepo, unapata kama 350. Ni theluthi moja na kidogo. Kwa upana wa mita 0.3, kila mita ya urefu wa nguzo inapokea newtoni-sekunde 105 badala ya 287.

Hilo ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba nguzo nayo ina mwendo wake. Ya mita 3, sentimita 30 kwa 30, iliyoshikwa juu na chini, hutikisika mara moja kwa takriban milisekunde 12. Kishindo cha milisekunde 1 kinaisha kabla nguzo haijajua iende wapi. Ndiyo maana kuuzidisha mzigo maradufu, kama ilivyofanya ile karatasi, hakufai hapa. Maradufu ni kwa mzigo unaokuja ghafla na kukaa. Unaokuja na kuondoka kwa kufumba na kufumbua unahesabiwa kwa msukumo, na kwa msukumo huo nguzo inahitaji kutoa ukinzani wa jumla wa kama kilonewtoni 140, ilhali uwezo wake wa kuhimili kupinda ni zaidi ya 420, yaani zile 142 za kila mita kwa urefu wa mita 3. Haikaribii hata nusu.

Kwa kupinda, basi, nguzo iliyo wazi inapona bila shida. Lakini nguzo za zege zinapopigwa na mlipuko, mara nyingi hazifi kwa kupinda.

Ndani ya zege

Tuligonga kava, yaani zege la nje linalofunika nondo, ya nguzo mbili, moja ya katikati na moja ya kona, chini karibu na sakafu. Nondo kuu zilikuwa nne za milimita 16, sawa na michoro. Ringi, zile pete za chuma zinazozunguka nondo kuu, zilikuwa za chuma laini cha milimita 8, zimepangwa kila sentimita 20, nazo sawa na michoro. Fundi alifanya alichoambiwa. Ila ndoano za ringi zilikuwa zimekunjwa nyuzi 90 na kulazwa kwenye kava badala ya kukunjwa nyuzi 135 na kuingia ndani ya kiini cha nguzo. Kava likibanduka, ringi ya namna hiyo inafunguka na kuacha kufunga chochote. Kwenye nguzo ya kona, kava upande wa bahari halikufika sentimita 2, na ringi tayari ilikuwa na ganda la kutu jekundu linalong'oka kwa kucha.

Huku pwani ya kusini kutu si jambo la urembo. Ringi ndiyo nondo nyembamba kuliko zote na ndiyo iliyo karibu zaidi na hewa ya chumvi, kwa hiyo ndiyo inayoliwa kwanza. Ringi ya milimita 8 iliyoliwa ikabaki 7 imepoteza karibu robo ya chuma chake. Nondo ya milimita 16 ikipoteza milimita hiyohiyo moja inapungukiwa na asilimia 12 tu.

Ringi ndizo zinazozuia nguzo isikatwe. Uwezo wa nguzo hii kuhimili kani ya mkato, yaani nguvu inayotaka kuikata nguzo kwa kuitelezesha upande, nilioupata ulikuwa kati ya kilonewtoni 75 na 110. Nimeandika mipaka miwili kwa makusudi, kwa sababu uwezo huo unategemea uzito ulio juu ya nguzo. Uzito wa ghorofa, kwa nguzo ya mbele kama kilonewtoni 350, unaibana zege na kuisaidia isikatike. Lakini sehemu ya chini ikiwa wazi, wimbi linaingia pia chini ya slabu ya kwanza na kuisukuma juu. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa chini ya kilopaskali 4, na wimbi linakuja na makumi ya kilopaskali. Kwa kitambo kidogo slabu inanyanyuka, nguzo inapungukiwa na mzigo wake wa juu, na uwezo wa mkato unashuka kuelekea ile 75. Mchoraji anayejumlisha uzito kamili wa jengo kama msaada wa kudumu anajipa faida ambayo dakika hiyo haipo.

Kwa nguzo iliyo wazi, mkato unaofika kwenye ncha zake ni kama kilonewtoni 55. Hata ukichukua uwezo wa chini kabisa, inasimama. Si kwa raha kubwa, na kutu ikiendelea nafasi hiyo itapungua, lakini inasimama.

Ukuta unapoingia

Weka tofali pande mbili za nguzo, zikigusana nayo kwa udongo wa saruji, usawa wa uso mmoja. Mambo matatu yanatokea, na yote yanaiangukia nguzo.

La kwanza, kingo zimekwisha. Hewa iliyobanwa mbele ya nguzo haina sentimita 15 za kukimbilia, ina mita na mita za ukuta. Ili shinikizo liachie, linapaswa kufika kwenye ukingo wa jengo zima. Kwa uso wa urefu wa mita 3 na zaidi muda huo ni takriban milisekunde 20, ilhali mlipuko wenyewe umeisha nguvu kwa 7. Kwa hiyo uso wa nguzo yenyewe, zile sentimita 30 zake, unapokea 955 nzima badala ya 350, na mgongoni hakuna kinachofika kuisaidia. Hapa mzigo unadumu zaidi ya nusu ya mtikisiko mmoja wa nguzo, na ukinzani unaohitajika unapanda hadi kama kilonewtoni 300. Kwa kupinda bado inaweza. Mkato wa kwenye ncha unafika 120 hivi. Tayari umepita uwezo, na hatujahesabu tofali hata moja.

La pili ni tofali zenyewe. Kila nguzo inahudumia mita 4 za ukuta, mita 2 kila upande. Msukumo unaotua kwenye mita 4 ni zaidi ya mara 35 ya ule unaotua kwenye nguzo iliyo wazi. Kama ukuta ungekuwa wa zege yenye nondo za kutosha, ukasimama na kupeleka yote hayo kwenye nguzo, hakuna nguzo ya sentimita 30 duniani ingebaki. Tofali za bloku zinavunjika, na kuvunjika kwake kunaikinga nguzo kwa kiasi. Lakini kabla ya kuanguka zinafanya kazi moja ambayo watu huisahau: zikiwa zimebanwa kati ya nguzo mbili ngumu, zinajifunga kama tao lililolala. Ukuta wa sentimita 15 uliobanwa kwenye nafasi ya mita 3.7, wenye nguvu ya mbano ya megapaskali 3, unaweza kwa njia hiyo kukinza kama kilopaskali 5 huku ukirudi nyuma. Ukuta wenye kilo 300 kwa kila mita ya mraba, ukipigwa na msukumo wa 955, unaondoka kwa mwendo wa takriban mita 3 kwa sekunde, kwa hiyo kuumaliza unene wake wa sentimita 15 kunachukua milisekunde 40 au 50. Kipindi chote hicho unaiegemea nguzo. Kilopaskali 5 kwa mita 4 ni kilonewtoni 20 kwa kila mita ya nguzo, jumla 60. Mzigo huu unakuja ghafla na kukaa, kwa hiyo hapa maradufu ni halali: 120, nusu yake kila ncha.

Jumlisha 120 za uso wa nguzo na 60 za ukuta. Unapata mkato wa kama kilonewtoni 180 dhidi ya uwezo wa 75 hadi 110. Vilele viwili hivyo havifiki sekunde ileile, na mtu anaweza kubishana kuhusu 20 au 30 za hapa na pale. Hawezi kuipunguza 180 ikawa 75.

La tatu linahusu nguzo mbili za kona peke yake. Tao lililolala linasukuma pembeni pia. Kwa nguzo ya katikati, tao la kushoto na la kulia yanasukumana na kumalizana. Nguzo ya kona ina tao upande mmoja. Inapigwa kutoka mbele na kusukumwa kutoka ubavuni, na hapa ndiyo hiyohiyo yenye kava jembamba na ringi zenye kutu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo ukuta hauikumbatii, unaishikilia ipigwe." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa nini mkato unatisha kuliko kupinda

Nguzo inayopinda inatoa nafasi. Nondo zinavutika, zege inapasuka upande mmoja, nguzo inabaki imeinama ikiwa imebeba jengo, watu wanatoka. Nguzo inayokatwa kwenye ncha inapoteza uwezo wa kubeba mara moja, na slabu za juu zinatafuta mahali pa kwenda.

Mfano unaosomwa sana ni jengo la serikali la Murrah, Oklahoma City, Marekani, lililolipuliwa tarehe 19 Aprili 1995. Mlipuko ulikadiriwa kulingana na takriban kilo 1,800 za TNT, ukiwa mita 4 na kitu kutoka nguzo ya karibu. Nguzo hiyo ilisagwa papo hapo. Mbili za jirani yake zilikufa kwa mkato. Zilikuwa zimebeba bimu kubwa iliyokuwa ikipokea nguzo nyingine za juu, na zilipoondoka, karibu nusu ya jengo ikashuka. Watu 168 walikufa, na wengi wao waliuawa na jengo kuporomoka. Wimbi lenyewe liliua wachache zaidi.

Jengo la mzee halina bimu ya namna hiyo, na mzigo tunaouzungumzia ni mdogo mara 18. Ila tabia ya nguzo ni ileile. Tanzania nayo imeona mabomu ya maghala ya jeshi yakilipuka karibu na makazi, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, kwa hiyo swali la nguzo na mlipuko si la Wamarekani peke yao.

Umbali, na mpaka wa hesabu hii

Kilo 100 za TNT zilezile zikisogezwa hadi mita 25, shinikizo kwenye uso mpana linashuka kutoka 272 hadi 87, na msukumo kutoka 955 hadi takriban 540. Zikisogezwa karibu hadi mita 10, shinikizo linaruka hadi karibu 850 na msukumo hadi 1,540. Kwenye mita 5 shinikizo ni zaidi ya megapaskali 6, na hapo hatuzungumzii tena kupinda wala mkato. Zege yenyewe inamegwa na kurushwa. Angalia lakini kwamba msukumo unashuka polepole kuliko shinikizo. Mtu anayeona shinikizo limepungua theluthi mbili na kudhani hatari imepungua theluthi mbili anajidanganya. Msukumo umepungua asilimia 44 tu, na kwa ukuta mzito wenye mwendo wa taratibu msukumo ndio unaohesabika.

Niliandika wazi kwenye ripoti kwamba mzigo wa kilo 100 ndio mwisho wa kinachoweza kushughulikiwa kwa kuimarisha nguzo. Lori lenye tani 2 kwenye mita 15 lingeleta shinikizo la megapaskali 5 kwenye uso ule, na hakuna ringi wala koti la zege litakalolijibu kwa gharama ya jengo la ukubwa huu. Kwa mizigo ya tani dawa ni umbali na njia ya kupita, na hilo ni jukumu la machimbo na la Tume ya Madini inayosimamia matumizi ya baruti.

Kwa kuwa tuko Mtwara, mtu atauliza kuhusu gesi: Mnazi Bay, Madimba, bomba la kwenda Dar es Salaam, na mitungi ya kupikia ya majumbani. Mbinu niliyotumia hapa haifai kwa gesi iliyojaa chumbani. Mlipuko wa namna hiyo unapanda taratibu, kwa makumi hadi mamia ya milisekunde, na nguzo haina haja ya kukwepwa na wimbi kwa sababu hakuna wimbi kali la kukwepa. Kinachoamua ni milango na madirisha yanaachia kwa shinikizo gani. Baada ya gesi kulipuka kwenye ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, mwaka 1968, Waingereza walichukua kilopaskali 34 kama mzigo wa kukagulia nguzo muhimu, na namba hiyo inatumika mpaka leo. Ghala la mzee lingekuwa na mitungi, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Halina.

Tulichokubaliana

Ukuta wa mbele ulirudishwa ndani mita 1.2 kutoka mstari wa nguzo. Mzee hakupenda mwanzoni, mita 1.2 kwa urefu wa mita 20 ni eneo la mita za mraba 24, na magunia hayo aliyahesabu kwa sauti. Nikamwonyesha kwamba nafasi ile inakuwa baraza, ambayo nyumba nyingi za zamani za Mikindani zinayo na ambayo mtu wa barabarani anakaa kivulini bila kumzuia mwenye nyumba. Hilo alilielewa haraka kuliko milisekunde zangu zote. Nguzo za mbele zikabaki wazi pande zote nne. Wimbi litagonga ukuta wa ndani na kurudi kuipiga nguzo mgongoni, lakini linarudi dhaifu, likiwa limechelewa, na linasukuma upande wa pili.

Ukuta huo wa ndani hauegemei nguzo yoyote. Unasimama kati ya sakafu na slabu, una nondo za wima za milimita 12 kila sentimita 40 ndani ya matundu ya bloku yaliyojazwa zege, na nondo hizo zimepandwa sakafuni na kwenye slabu. Nondo ni kwa ajili ya watu. Nguzo kupona hakumsaidii mpakiaji aliye ndani ikiwa tofali zinamjia kwa mita 3 kwa sekunde. Kuta za pembeni zinazokutana na nguzo za kona zimeachiwa pengo la sentimita 5, limejazwa sponji na kufunikwa kwa kipande cha bati. Hapa fundi anapaswa kusimamiwa, kwa sababu mazoea ya mkono ni kuziba pengo kwa udongo wa saruji, na likizibwa tao limerudi.

Nguzo mbili za kona zinavalishwa koti la zege la sentimita 7.5 kila upande baada ya kuchokonoa kava lote na kupiga brashi ya waya hadi chuma king'ae. Ringi mpya ni za chuma kigumu cha milimita 10, kila sentimita 10, ndoano nyuzi 135, na kava sentimita 4. Koti linaongeza upana wa kupokea wimbi hadi sentimita 45, kwa hiyo mzigo wake nao unaongezeka, lakini uwezo wa mkato unapita 220 hata bila msaada wa uzito wa juu. Nguzo nne za katikati zimeachwa kama zilivyo kwa sasa. Kava zao ni nzuri, na kila baada ya mvua za masika zitagongwa kwa nyundo ili kusikiliza kama kuna mahali pamebanduka.

Kwenye slabu ya kwanza hatukuweza kuongeza nondo za kuzuia kunyanyuka, kwa kuwa ilikwisha mwagwa. Kwa slabu hiyo nimependekeza vipande vya bapa vya chuma vipigwe boliti juu ya slabu, vikivuka mistari ya bimu za mbele, kabla sakafu ya vigae haijawekwa. Bei yake mzee anaifanyia kazi. Kuhusu pikapu, barua imekwenda kwa wenye machimbo ikiwa na kipimo cha mita 15 na ramani ndogo, na mama ntilie ameshaonyeshwa kiwanja cha mzee kilicho nyuma ya mikorosho, mita 60 kutoka barabarani, kama atataka kuhamia huko bila kodi.